Amri ya Chaja

Jumatatu, 3 Machi

Itangazwe kwa wote wanaohusika — yaani mimi — kwamba kuanzia leo asubuhi, kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe bila kupingwa na mtu, chaja si mali. Chaja haitapewa namba. Haitawekwa rafuni. Haitaandikwa popote. Itatupwa kwenye boksi pembeni ya mlango, ikae na wenzake, ife na wenzake. Nimesema.

Sababu ninayo. Mtu akija dirishani kuulizia simu yake, mwenzangu Bi Dirisha anaandika "simu" kwenye kompyuta, na kompyuta, kwa utii wa kijinga, inamletea chaja ya simu, chaja ya simu nyeupe, chaja ya simu waya umechunika, kurasa na kurasa. Simu yenyewe imezikwa huko chini. Watu wa hospitali hii wanadondosha chaja kama kuku anavyodondosha manyoya.

Ofisi yetu inaitwa Vitu Vilivyosahaulika. Iko chini kabisa, kati ya chumba cha kufulia na stoo ya mashuka. Mgonjwa akiruhusiwa, akihamishwa au akifa, kinachobaki chini ya kitanda kinaletwa kwangu. Miwani. Meno ya bandia. Fimbo. Ndala za mguu mmoja — hizi sijawahi kuzielewa, mtu alitokaje? Nakipa kitu namba, nakiandikia maelezo, nakiweka rafuni. Maelezo yote yamo kwenye database ya SQLite, yaani daftari la kompyuta, faili moja tu, unaweza kulitia mfukoni ukaenda nalo sokoni. Niliitengeneza mwenyewe, kwa kusomasoma na kudokoa skripti, yale maagizo ya kompyuta, za watu mtandaoni. Hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyenishukuru.

Chaja za zamani nimezihamishia zote kwenye boksi, na kwenye kompyuta nimeziondoa kwa mstari mmoja:

DELETE FROM vitu WHERE maelezo LIKE '%chaja%';

Yaani: popote maelezo yanapotaja chaja, futa. Kufumba na kufumbua, zimekwisha. Nikatafuta "simu". Simu tupu! Safi kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Nimejinunulia soda.

Jumanne, 4 Machi

Nimekasirika kabla ya chai. Bora niandike, nisije nikapasuka.

Kompyuta zetu ni mbili: yangu huku nyuma ninakoandikisha vitu, na ya Bi Dirisha kule mbele anakojibu watu. Zilikuwa zimeunganishwa kwa waya. Panya wakaula. Mkuu wa ofisi, ambaye kwa msiba wangu ni mume wa dada yangu, akasema ataleta mwingine. Mpaka siku hiyo ifike — na sisi tuwe hai — kila asubuhi yeye achukue flashi, anakili faili kutoka kwangu, alipeleke kwa Bi Dirisha. Ni kazi ya mtu mwenye miguu na mfuko. Shemeji anavyo vyote. Hafanyi.

Basi leo kaja mwanamume mrefu, shingoni kitambaa cheupe, na mkewe. Mume hasemi. Ana kibao cheusi cha shule, na chaki imefungwa kwa uzi. Alikuwa mnadi wa mitumba. Alipata uvimbe kooni. Wameutoa hapahapa ghorofa ya pili, na sauti imeondoka nao. Hairudi. Walimwambia mapema, kwa hiyo siku moja kabla ya upasuaji alikaa kitandani akajirekodi kwenye kisimu chake cha vitufe: mnada mzima, kuanzia shati mpaka koti, na vichekesho vyote, na masimango yote anayowapa wateja wake. Nia yake aufungulie kwenye spika pale mezani kwake, kazi iendelee. Akiwa hajitambui wakamhamisha kitanda. Simu ikabaki nyuma.

Sasa ananadi mkewe. Kasema mwenyewe: "Mdogo wangu, mimi nikinadi watu wananipa pole." Mume akaandika harakaharaka akatugeuzia kibao: ANAUZA SHATI KAMA ANATANGAZA MSIBA. Tukacheka wote, hata mke. Kicheko cha Mnadi hakina sauti. Ni mabega tu, yanapanda na kushuka.

Bi Dirisha akatafuta. Akaja huku nyuma mbio — yeye, asiyekimbia hata kengele ya moto ikilia. Ipo, anasema. Ya kijivu, imefungwa raba, ameiona kwenye kioo. Nikatafuta kwangu. Haipo. Nikarudia. Haipo!

Nikaelewa. Bi Dirisha anatazama faili la wiki iliyopita! Shemeji hajanakili tangu sijui lini. Nikamweleza Bi Dirisha taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba anachokitazama ni picha ya sufuria ya juzi, na chakula kimeshaliwa. Ukweli uko kwangu. Akasema, "Binti, mimi nimeiona." Nikamwambia ameona mzimu. Nikatia faili jipya kwenye flashi yangu, nikaenda nikalibandika juu ya lile la zamani, nikatafuta mbele ya macho yake. Haipo. Sasa kompyuta zote mbili zinakubaliana, na makubaliano hayo nimeyaleta mimi, si Shemeji.

Bi Dirisha akatoka kwenda kumwambia yule mtu. Sikutoka naye.

Jumatano, 5 Machi

Si huruma inayonisumbua. Ni hasira. Kitu kutajwa kwenye database yangu halafu kisiwepo ni kama mtu kuingia jikoni kwangu akapanga vijiko upya.

Nikatafuta "kijivu": sweta, kofia, mwavuli. Nikatafuta "vitufe": rimoti na redio. "Raba": viatu, viatu, na raba ya kufutia penseli ambayo nani aliileta hapa, na mimi niliiandikishia nini? Nikasema tatizo ni LIKE. LIKE ni mpofu anayepapasa ukuta, herufi moja moja, faili zima. Nikaamua kumtafutia mwenye macho.

SQLite ina kitu cha kutafutia maneno. Unaijengea faharasa: kila neno linajua liko kwenye mistari ipi, kama mwanakijiji anavyojua nyumba za ndugu zake. Ukiuliza, haipapasi, inakwenda moja kwa moja. Unaweza kutaka maneno mawili yawe karibu. Unaweza kutaka linalofaa zaidi lije juu. Mistari michache ya lugha ya Python tu, na asubuhi yangu yote. Nikaiuliza: simu, kijivu, raba.

Ikaniambia haipo. Lakini kwa kasi ya ajabu!

Nikapiga wodini, maana lazima kosa ni lao. Wale ndio wanaoniletea mifuko imeandikwa "kitu cheusi". Muuguzi mkuu akasema simu aliileta mwenyewe, pamoja na fimbo ya mgonjwa huyohuyo, akanipa mkononi. Mkononi mwangu! Nikamwambia mikono yangu haina kumbukumbu, kumbukumbu iko kwenye faili. Akakata simu.

Alhamisi, 6 Machi

Gari la taka limechukua boksi la chaja. Nililisindikiza kwa macho. Hakuna aliyelia.

Shemeji ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo linakuja lori la kuponda vitu vya umeme vya zamani. Hospitali imechoka, rafu zimejaa. Kitakachobaki ni kile chenye mstari kwenye database. Akaniomba skripti ya kumchapia orodha. Nikamwandikia, ikachapa vizuri mno, nikaongeza na kichwa cha habari kwa herufi nene: KISICHO NA MSTARI HAKINA MWENYEWE. Akaipenda. Ameibandika ukutani. Kitu pekee alichowahi kukipenda kutoka kwangu tangu amwoe dada yangu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekula kwa dada. Shemeji alikaa upande ule wa meza, mimi upande huu, kati yetu bakuli la mchuzi. Nikaanza kusema kwamba kuna watu wangefanya kazi moja tu kila asubuhi, moja tu, wazee wagonjwa wasingehangaika. Dada akaweka kijiko chini. Akasema tunagombania flashi kama watu wanaogombania shamba. Halafu akanigeukia mimi — mimi! — akaniuliza, "Hivi wewe, mbona hukosei kamwe? Huchoki?"

Shemeji akaongeza mchuzi. Alikuwa anacheka ndani ya bakuli, nilimwona.

Jumatatu, 10 Machi

Mnadi amerudi. Nilimsikia Bi Dirisha akitafuta, namsikia hata ninapokuwa nyuma, anabonyeza vitufe kama anayeua mende. Halafu Bi Dirisha akaniita, kwa sauti ile ya watu wenye haki.

Nikatoka. Mke akaeleza kwamba mauzo yamekufa. Jirani yao pale sokoni ameanza kutandaza nguo zake kwenye nusu ya meza yao, eti kwa kuwa haina kazi, na mwisho wa mwezi mwenye soko atampa meza yote. Wameshaambiwa. Akasema amejaribu kuiga maneno ya mumewe, yaleyale, lakini mtu hacheki. "Maneno ninayo yote," akasema. "Hayaji kama yake."

Mnadi akaomba, kwa kibao, aingie atafute mwenyewe rafuni. Shemeji akakataa, akaonyesha ukutani: kisicho na mstari hakina mwenyewe. Maneno yangu, herufi nene. Nikamwambia Mnadi kwamba mashine imetafuta kila namna, kwa neno, kwa faharasa, kwa ukaribu wa maneno, na mashine haisahau.

Akafuta kibao kwa kiganja. Akaandika taratibu safari hii, akanipa nisome: MASHINE YAKO BUBU KULIKO MIMI.

Bi Dirisha alicheka kwa namna ambayo haifai mahali pa kazi.

Nimekaa na hasira mpaka mchana. Hasira na huyo mtu, nimtafutie kitu bure na anitukane kwa chaki! Nilipoinuka kwenda rafuni nichungulie tu, kwa siri, nijue moja, nikakuta rafu C, ya vitu vya umeme, imebaki nusu. Shemeji ameshapita na orodha. Ninapomhitaji awe mvivu, amekuwa mchapakazi. Vyote visivyo na mstari vimo kwenye magunia, na magunia yameshonwa midomo.

Jumanne, 11 Machi

Muuguzi mkuu ameteremka mwenyewe. Mwanamke mfupi, anatembea kama anakuja kukudai mtoto. Hakusalimu. Akasema, "Tafuta fimbo."

Nikatafuta fimbo. Ikaja palepale: "Fimbo ya mti, kishikio kimezungushiwa plasta, haina kifuniko cha chini. Wodi ya upasuaji." Namba yake hiyo. Akasema haya, na namba inayofuata ni nini? Simu na fimbo zilikuja kwa mfuko mmoja.

Namba inayofuata haikuwepo. Imerukwa. Nikamwambia asishtuke, mapengo ni mengi, yote ni chaja, nilizifuta.

"Mimi sijawahi kukuletea chaja," akasema. "Huyo mgonjwa hana chaja. Tulizunguka wodi nzima kumtafutia, tukakosa."

Nikataka kumjibu. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Macho yakarudi kwenye maelezo ya fimbo. Haina kifuniko cha chini. Huo ni mtindo wangu, na najivunia: kila kitu naandika na kinachokosekana, watu wasije wakadai tumeiba. Koti, halina kifungo cha juu. Miwani, haina kioo cha kulia. Meno, hayana jino la mbele.

Simu. Haina.

Nikamwambia muuguzi nitamjulisha. Akaondoka bila kuaga pia. LIKE haisomi sentensi. Ina chaja, haina chaja, haijawahi kuona chaja tangu izaliwe — kwake zote ni chaja. Nilijua hivyo. Nimeandika hivyohivyo hapa juu, kwamba ni mpofu anayepapasa, na Jumatatu ile nilimpa panga.

Na ushahidi! Ushahidi ulikuwa dirishani, kwenye faili la zamani la Bi Dirisha. Aliuona kwa macho yake. Nikaenda mimi, kwa miguu yangu, nikabandika faili jipya juu yake.

Bi Dirisha alipita na kikombe chake cha chai. Nadhani uso wangu ulisema. Angeuliza ingekuwa afadhali.

Jumatano, 12 Machi

Hoja yangu jana jioni ilikuwa hii: nikifungua magunia bila sababu ya maandishi, Shemeji atauliza. Kwa hiyo kwanza nipate mstari. Ule mstari uliokufa.

Faili la zamani lilipita wapi kabla halijafika dirishani? Kwenye flashi ya Shemeji. Nikamwomba, nikasema ni ukaguzi wa data. Akaitoa mfukoni ikiwa imefungamana na funguo, tishu na kifungo cha shati. Akanipa.

Nikaifungua. Kuna faili linaitwa "database". Kuna "database mpya". Kuna "database mpya kabisa", na "hii ndiyo", na "hii ndiyo 2". Tangu panya wale waya, mtu huyu hajafuta kitu hata kimoja. Nimemlaani kwa hilo wiki nzima! Angekuwa nadhifu kama mimi, yote yangekuwa yamekwisha. Nikamuuliza kwa nini anayaacha yote. Akainua mabega. "Shemeji, mimi huwa sifuti vitu."

Nilikuwa na majibu mengi. Yote yalikuwa yananihusu mimi.

Nikaielekeza skripti kwenye "hii ndiyo 2". Nikauliza: nipe kila mstari wenye "simu" na "haina chaja". Ukaja mmoja.

"Simu ndogo ya vitufe, kijivu, imefungwa kwa raba, haina chaja. Wodi ya upasuaji. Rafu C."

Safu ya mwisho ya mstari ni jina la aliyeandika. Sitaliandika hapa, shajara hii inamjua.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui tangu lini. Akasoma kioo, akasoma ukuta, akasoma tena kioo. Nikasubiri. Nimemsema mbele ya mkewe, nimemsema mbele ya Bi Dirisha, alikuwa na haki ya kunimaliza. Akasema tu kwamba kesho asubuhi atanisaidia kufungua magunia, maana yeye ndiye aliyeyashona na anajua yanapofumuka. Halafu akaibandua ile karatasi ukutani, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni pamoja na flashi.

Huyo naye! Hata kukasirika naye nimenyimwa.

Alhamisi, 13 Machi

Magunia tumeyamwaga sakafuni kabla dirisha halijafunguliwa. Redio, rimoti na pasi za kabla ya database yangu, mashine ya kunyolea yenye nywele za mtu. Bi Dirisha alivua viatu akachutama nasi. Ni yeye aliyeipata, na aliiinua, akaishikilia juu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kijivu. Raba. Kibandiko cha namba bado kimeshika, namba ileile iliyorukwa.

Nikampigia mke wa Mnadi. Hawakuchukua muda, wamekuja na spika wameifunga kwenye kanga. Mnadi amevaa shati jipya. Nikamwambia yote, mbele ya watu: kwamba simu haikupotea, niliifuta mimi, kwa mstari mmoja, na Bi Dirisha alisema kweli tangu siku ya kwanza. Niliyasema haraka ili yaishe. Mke akasema si kitu, mdogo wangu, imepatikana. Mnadi akanitazama, akashika chaki, akaandika: BUBU AMESEMA. Akacheka kwa mabega. Basi na mimi nikacheka, nilistahili.

Nikampa simu mkononi. Akaitoa raba, akaivaa kidoleni isipotee. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Akakishikilia. Akampa mkewe, naye akakishikilia. Akanipa mimi.

Kioo cheusi.

Mnadi akaandika neno moja: CHAJA?

Shemeji akatazama pembeni ya mlango, palipokuwa na boksi. Bi Dirisha akavaa viatu, ameenda kuuliza wodi kwa wodi, na dukani ng'ambo ya barabara ambako wameshacheka mara moja, kwenye simu, nilipowaelezea. Naandika haya wao wakiwa kwenye benchi, spika katikati yao, bado imefungwa kwenye kanga.

Tundu la simu hii ni la duara, jembamba kama sindano. Chaja za namna hiyo zilikuwa nusu ya boksi.